Bangkok 2022: India Ilivyolitwaa Kombe la Thomas

Kombe la Thomas, ambalo kwa wanaume wanaocheza badminton ni kama Kombe la Dunia kwa wanasoka, lilishindaniwa mara 31 kati ya mwaka 1949 na 2021. Mara zote hizo liliangukia mataifa matano tu. Indonesia ililitwaa mara 14, China mara 10, Malaysia mara 5 ukijumlisha mara tatu ilipolichukua ikiitwa Malaya, na Japani na Denmark mara moja moja. Mara ya 32, Jumapili ya tarehe 15 Mei 2022, lilikwenda kwa nchi ambayo haikuwa imewahi hata kukanyaga fainali. India iliifunga Indonesia, bingwa mtetezi, mechi tatu kwa bila.

Waliozoea kutazama mashindano ya mchezaji mmoja mmoja huenda wasione mara moja ukubwa wa jambo hilo. India ilikuwa na mabingwa zamani. Prakash Padukone alishinda All England mwaka 1980, mashindano makongwe na yenye heshima kubwa kuliko yote katika mchezo huu, na Pullela Gopichand akayashinda mwaka 2001. Lakini Kombe la Thomas halimtambui nyota peke yake. Nchi mbili zikikutana huchezwa mechi tano: ya kwanza, ya tatu na ya tano ni za mmoja mmoja, ya pili na ya nne ni za wawili wawili, na anayefikisha ushindi wa mechi tatu ndiye anayesonga mbele. Ukiwa na bingwa wa dunia mmoja, umejihakikishia pointi moja tu, na nyingine mbili lazima zitoke kwa watu ambao pengine majina yao hayajawahi kuandikwa gazetini. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na India ilikaa miongo mingi na kidole kimoja.

Kombe lenyewe lina jina la Sir George Thomas, Mwingereza aliyekuwa hodari wa badminton na wa sataranji pia. Aliwahi kuwa bingwa wa Uingereza katika sataranji na alishinda mataji 21 ya All England. Shirikisho la Kimataifa la Badminton lilipoundwa mwaka 1934, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1939 alitoa wazo la mashindano ya timu za taifa na akatoa na kombe. Miezi michache baadaye vita vikazuka, na kombe likawekwa kando. Lilipokuja kushindaniwa, katika msimu wa 1948 hadi 1949, zilijitokeza nchi 10, na fainali ikachezwa mjini Preston, kaskazini mwa Uingereza. Wengi walitarajia Wazungu walioutungia mchezo kanuni wangelibakiza nyumbani. Malaya, koloni la Uingereza wakati huo, ikaifunga Denmark mechi 8 kwa 1, maana enzi hizo zilichezwa mechi tisa. Wong Peng Soon na wenzake wakalipeleka kombe Asia, na huko lilikaa kwa miaka 67, hadi Denmark ilipolichukua mwaka 2016 mjini Kunshan, China.

Yapo mengi ya kusimulia kuhusu miaka hiyo. Indonesia ililitwaa mara ya kwanza mwaka 1958 mjini Singapore, na tangu hapo badminton ikawa fahari ya taifa hilo kuliko mchezo mwingine wowote. Mwaka 1967 fainali ilichezwa Jakarta. Malaysia ikiongoza mechi 4 kwa 3, mashabiki wa nyumbani walipiga kelele na kuwasumbua wageni kiasi kwamba Herbert Scheele, msimamizi wa mashindano, alisimamisha mchezo. Shirikisho likaamua sehemu iliyobaki ikachezwe New Zealand, Indonesia ikakataa, na ushindi ukapewa Malaysia. China ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1982 na kulibeba mara hiyo hiyo ya kwanza, ikiishinda Indonesia mechi 5 kwa 4 mjini London. Baada ya hapo mechi zikapunguzwa kuwa tano. Mwaka 1992 Malaysia ikalichukua tena ikiwa nyumbani, Kuala Lumpur.

Katika simulizi zote hizo India ni mpita njia, na hilo lina uchungu wake, kwa kuwa mchezo huu umetokea kwao. Maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Pune, mji ambao wao waliuita Poona, ndio walioucheza katika karne ya 19 na kuuandikia kanuni zake za mwanzo. Kisha wakarudi nao kwao, na ukapewa jina la Badminton House, jumba la Duke wa Beaufort huko Gloucestershire. Wahindi wenyewe walibaki nao katika vilabu na majumba ya jumuiya, na waliposafiri kuja Afrika Mashariki wakaja nao pia. Mpaka leo, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kumbi nyingi zenye mistari ya badminton sakafuni zimo katika majengo ya jumuiya za Waasia.

Mwaka 1947 India ilikaribia. Vijana wawili, Prakash Nath na Devinder Mohan, walikwenda All England. Ratiba iliwakutanisha wenyewe kwa wenyewe kwenye robo fainali, nao, badala ya kuchoshana, wakarusha sarafu kuamua nani aendelee. Sarafu ikamwangukia Nath, na akafika fainali. Asubuhi ya fainali alisoma gazeti na kuona kwamba Lahore, mji wake, unaungua kwa ghasia zilizotangulia kugawanywa kwa India na Pakistan, na mtaa uliotajwa ulikuwa wa kwao. Hakuna mtu awezaye kuyabeba hayo akacheza. Alifungwa na Conny Jepsen wa Sweden, seti mbili bila majibu. Kila nikifikiria historia ya badminton ya India namkumbuka kwanza huyo kijana wa Lahore, kabla ya mabingwa wote waliomfuata.

Padukone alikulia Bangalore, na ukumbi aliofanyia mazoezi ulikuwa ukumbi wa harusi. Msimu wa ndoa ukiingia, hakuna mazoezi. Kutoka humo alifika London, na tarehe 23 Machi 1980 akamfunga Liem Swie King wa Indonesia kwa 15-3, 15-10. Mwaka mmoja kabla ya hapo timu ya India ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Thomas mjini Jakarta na kutolewa na Denmark. Kisha kimya. Miaka 43 ilipita bila India kufika tena hatua hiyo.

Mabadiliko yalianza pale mabingwa hao wawili walipogeuka walimu. Mwaka 1994 Padukone, pamoja na mchezaji mwenzake Vimal Kumar, walianzisha chuo cha badminton Bangalore. Gopichand naye akafungua chake Hyderabad mwaka 2008, baada ya kuiweka nyumba yake rehani ili apate fedha za ujenzi. Matunda ya kwanza ya Hyderabad yalikuwa ya wanawake. Saina Nehwal alileta medali ya shaba ya Olimpiki ya London mwaka 2012. P. V. Sindhu akaleta fedha ya Rio mwaka 2016, kisha shaba ya Tokyo. Wanaume walikuwa wakikua kimyakimya nyuma yao, na kwa muda mrefu walikuwa watu wa kupanda leo na kushuka kesho. Kidambi Srikanth alishika nafasi ya kwanza duniani mwezi Aprili 2018, kisha fomu ikamkimbia na akaikosa Olimpiki ya Tokyo kabisa. Prannoy H. S., mtoto wa Thiruvananthapuram, Kerala, alikuwa na sifa ya kuwaangusha vigogo siku moja na kuangushwa na asiyejulikana siku inayofuata.

Timu iliyopanda ndege kwenda Bangkok mwezi Mei 2022 ilikuwa na watu wa vyuo hivyo viwili. Lakshya Sen, kijana wa miaka 20 kutoka Almora, mji wa milimani katika jimbo la Uttarakhand, alikuwa zao la Bangalore. Miezi miwili nyuma alikuwa amecheza fainali ya All England na kufungwa na Viktor Axelsen. Srikanth alikuwa ametoka kupata medali ya fedha ya ubingwa wa dunia mwezi Desemba 2021 huko Huelva, Hispania. Na kulikuwa na jozi ya Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty. Kwangu mimi hao ndio waliobadilisha kila kitu. India haikuwahi kuwa na jozi ya wanaume ya kuogopwa duniani, na bila jozi ya namna hiyo unaingia Kombe la Thomas ukiwa umeshapoteza mechi mbili kabla ya kufungua begi la raketi. Satwik, mrefu, ana mkono unaoshusha makombora. Chirag ni mwepesi kwenye wavu na hana subira ya kungoja pointi imjie.

Hatua ya makundi haikuonyesha maajabu. Waliichapa Ujerumani 5-0, wakaichapa Kanada 5-0, kisha wakafungwa na Taipei ya China 3-2. Wakaingia robo fainali wakiwa wa pili katika kundi lao, na huko wakakutana na Malaysia, mabingwa mara tano.

Mechi hiyo ya tarehe 12 Mei ilikwenda kwa namna ambayo ingejirudia siku iliyofuata. Lakshya alifungwa na Lee Zii Jia. Satwik na Chirag wakasawazisha. Srikanth akaipeleka India mbele. Jozi ya pili, Krishna Prasad Garaga na Vishnuvardhan Goud Panjala, ambao hawakuwa na uzoefu wa mashindano makubwa kama hayo, wakapigana hadi 19-21 na 17-21 na kupoteza. Ikawa mbili kwa mbili. Akasimama Prannoy, mchezaji wa tano, mtu ambaye siku nyingine haingii kabisa uwanjani kwa sababu mambo huwa yamekwisha kabla zamu yake haijafika. Alimfunga kijana Leong Jun Hao 21-13, 21-8. India ikawa imejihakikishia medali ya kwanza katika historia yake ya Kombe la Thomas.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Denmark. Axelsen, bingwa wa Olimpiki, alimshinda Lakshya kwa seti mbili za 21-13. Satwik na Chirag wakaingia kupambana na Kim Astrup na Mathias Christiansen katika mechi ambayo mtu mwenye ugonjwa wa moyo hakupaswa kuitazama: 21-18, 21-23, 22-20. Srikanth akamfunga Anders Antonsen kwa seti tatu. Jozi ya pili ikapoteza tena. Kwa mara nyingine ubao ukasoma 2-2, na kwa mara nyingine akaitwa Prannoy.

Mpinzani wake alikuwa Rasmus Gemke. Katika seti ya kwanza Prannoy alikimbilia kurudisha kinyoya, mguu ukateleza, kifundo kikajipinda. Alitibiwa pale pale uwanjani. Aliponyanyuka na kurudi, kila hatua aliyoweka ilionyesha maumivu, na seti ikaenda kwa Gemke 21-13. Kwenye benchi la India wachezaji wenzake walikuwa wamesimama, hawakai. Kanuni za Kombe la Thomas haziruhusu mchezaji kubadilishwa katikati ya mechi kama kwenye soka, kwa hiyo ama Prannoy amalize, ama India itoke.

Kilichofuata kinahitaji maelezo ya mchezo wenyewe. Mtu aliyeumia kifundo hawezi kushinda badminton kwa kukimbia, maana uwanja ni mdogo lakini kila pointi humvuta mchezaji pembe nne: mbele kulia, nyuma kushoto, chini kwenye wavu, juu kwenye mstari wa mwisho. Dawa yake ni kuhakikisha mpinzani ndiye anayekimbia. Prannoy alianza kushambulia mapema, akifupisha pointi, akimlazimisha Gemke anyanyue kinyoya juu, kisha anakishusha kwa nguvu kabla Mdenmark huyo hajajipanga. Alipofika mapumziko ya katikati ya seti ya pili ilionekana wazi kuwa Gemke ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Seti hiyo iliisha 21-9 na ya tatu 21-12. Timu nzima ya India ilimiminika uwanjani na kumkumbatia.

Upande wa pili wa ratiba, Indonesia ilikuwa imeitoa China katika robo fainali kwa 3-0, kisha ikaishinda Japani 3-2. Waindonesia walikuwa na sababu nyingine ya kulitaka kombe hilo lililochezwa Thailand. Walipolitwaa mwezi Oktoba 2021 huko Aarhus, Denmark, bendera yao haikupandishwa kwa sababu ya adhabu ya shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli dhidi ya shirika la nchi yao. Walisimama jukwaani chini ya bendera ya chama chao cha badminton. Bangkok ilikuwa nafasi ya kuimba wimbo wao huku nyekundu na nyeupe ikipanda.

Ila walikuja na pengo. Marcus Gideon, mwenzake wa kudumu Kevin Sanjaya Sukamuljo, alikuwa majeruhi. Jozi hiyo ya Marcus na Kevin ilikuwa imekaa kileleni mwa dunia kwa miaka, na sasa Kevin aliunganishwa na mkongwe Mohammad Ahsan. Wawili hao kila mmoja ni bingwa kwa haki yake, lakini kucheza wawili wawili ni kujua bila kutazama mwenzako atakuwa wapi, na jambo hilo halipatikani kwa wiki moja.

Jumapili mchana Lakshya Sen alifungua fainali na Anthony Ginting, mshindi wa medali ya shaba ya Tokyo. Seti ya kwanza ilikuwa aibu: 21-8. Lakshya alikuwa ameshafungwa na Chou Tien-chen wa Taipei ya China, Lee Zii Jia na Axelsen katika wiki hiyo hiyo, na kila aliyemtazama aliona kijana aliyefika mwisho wa nguvu zake. Seti ya pili alitulia. Aliacha kushindana na Ginting kwa kasi, akaanza kurudisha kila kinyoya, hata vile ambavyo vilionekana vimeshatua, na Ginting akajikuta anapiga kombora la tatu na la nne kwa pointi ambayo alizoea kuimaliza kwa moja. Makosa yakaanza. 21-17 kwa Lakshya, kisha 21-16. Kijana aliyekuwa amepoteza mechi zote kubwa za mashindano hayo ndiye aliyeipa nchi yake pointi ya kwanza ya fainali.

Mechi ya pili ndiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi. Ahsan na Kevin walichukua seti ya kwanza 21-18. Seti ya pili walifika kwenye pointi ya kumaliza mechi. Walipata nafasi hiyo mara nne, na mara zote nne Satwik na Chirag wakaizima. Ukitazama pointi hizo utaona kitu ambacho wachezaji wa kawaida hawakifanyi wakiwa kwenye maji ya shingo, yaani kushambulia. Hawakuzuia, hawakusubiri Indonesia ikosee. Satwik aliendelea kushusha makombora, Chirag akaendelea kujitupa kwenye wavu. Seti ikaisha 23-21 kwa India. Ya tatu ikaisha 21-19. Kwa maoni yangu kombe lilipatikana pale, ingawa kwa hesabu bado ilibaki mechi moja.

Srikanth alikuwa ameshinda mechi zake zote tano kabla ya siku hiyo. Jonatan Christie si mtu wa kudharauliwa, lakini Srikanth alicheza kama mtu ambaye amengoja siku hiyo tangu alipoporomoka kutoka nafasi ya kwanza duniani. Alishinda seti ya kwanza 21-15. Ya pili ilikwenda bega kwa bega, ikapita 20, ikafika 21-21, kisha Srikanth akapata pointi mbili za mwisho. 23-21. Akarusha raketi, na wenzake wote wakaja mbio. Mechi ya nne na ya tano hazikuchezwa. Prannoy, aliyewabeba mara mbili, alimaliza fainali akiwa anashangilia kando ya uwanja na kifundo chake kinachouma.

Vimal Kumar alikuwa Bangkok na timu hiyo kama kocha, mtu yule yule aliyeanzisha chuo na Padukone miaka 28 nyuma. Nchini India furaha ilifika hadi kwa watu wasiojua hata urefu wa wavu. Serikali ilitangaza zawadi ya rupia milioni 10 kwa timu. Waziri Mkuu Narendra Modi aliwapigia simu wachezaji siku ile ile, na akamwambia Lakshya amletee bal mithai ya Almora, vitamu vya maziwa yaliyochemshwa hadi yakaganda na kuwa ya rangi ya kahawia, vikavingirishwa kwenye punje nyeupe za sukari. Wiki moja baadaye walipoalikwa Delhi, Lakshya alikuja na boksi lake.

Siku moja kabla ya fainali hiyo, katika ukumbi ule ule, Korea Kusini iliifunga China 3-2 na kuchukua Kombe la Uber, lile la wanawake. Afrika kwenye Kombe la Thomas iliwakilishwa na Algeria, ambayo ilikata tiketi yake mwezi Februari 2022 kwenye ubingwa wa timu wa Afrika uliochezwa Kampala.

Mwaka 2024, mjini Chengdu, India haikuweza kulitetea kombe. China iliitoa katika robo fainali na hatimaye ikalitwaa kwa mara ya 11. Lakini huko Chengdu kulikuwa na jambo la kwetu. Wanawake wa Uganda walishiriki Kombe la Uber kwa mara ya kwanza, wakiwa mabingwa wa Afrika. Walipangwa na Japani, Indonesia na Hong Kong na wakafungwa mechi zote za kundi, kama inavyomtokea karibu kila anayefika huko mara ya kwanza. Wachezaji hao wapo, na kila mwaka kuna mashindano ya kimataifa Kampala. Wewe unayeishi karibu, nenda ukatazame, na ukiwa na mtoto mwenye mkono mwepesi, mnunulie raketi.